Albamu Isiyo na Mdomo

Jumanne asubuhi, siku tano kabla ya uzinduzi, Georgette alivaa visikilizio vya mume wake, Philémon, akaisikiliza albamu yake kwa mara ya kwanza, akangoja mtu aanze kuimba.

Alingoja kwa adabu. Kipande cha kwanza kilianza na gitaa la besi, ikafuata ngoma, kisha gitaa la pili likaingia likinguruma kama lori linalopanda mlima wa Kadutu na gia mbovu. Georgette akatikisa kichwa kidogo, kwa sababu Philémon alikuwa amesimama mbele yake kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Kipande kikaisha. Akajiambia kuwa huo ni utangulizi. Cha pili nacho kikaisha, hakuna mtu. Katika cha tatu ngoma zilinyamaza ghafla, Georgette akainua kidole: ndiye huyu anaingia! Ikaingia besi tena. Baada ya cha tano alivivua visikilizio, chai yake imeshapoa.

"Mwimbaji atakuya lini?"

"Mwimbaji gani?"

"Ule wa kuimba."

"Hakuna," Philémon alisema. "Ni rock, Georgette. Instrumental. Besi njo inaongoza, bengine banafuata."

Georgette aliketi kitandani. Miezi mitatu alikuwa amesikia mazoezi kupitia ukuta wa depo ya mabati ya kaka yake, na miezi yote hiyo alidhani mwimbaji ataletwa mwishoni, kama padri anavyoingia kanisani kwaya ikiwa imeshakaa.

"Sasa majina banayatupa wapi?" aliuliza.

Swali hilo linaweza kumshangaza mgeni, lakini Bukavu nzima ingelielewa. Kwetu wimbo hautoki na mapenzi peke yake. Mwimbaji humlilia mpenzi wake mistari miwili, kisha anamtaja mwenye duka la dawa, anamtaja kamanda, anamtaja mbadilisha fedha wa Goma pamoja na watoto wake wote, na nafasi ikibaki ndipo anamkumbuka tena mpenzi. Jina moja kama hilo linaitwa libanga, yaani jiwe, na aliyetupiwa jiwe hilo hulipokea kama nishani ya taifa. Wapo wazee wenye heshima zao ambao hawalali vizuri kwa sababu hawajawahi kutupiwa hata kokoto.

Georgette alikuwa ameahidi mawe matatu. Papa Jean-de-Dieu, mtunza ukumbi wa parokia, alitoa ukumbi kwa Jumapili. Maman Adélaïde, anayekodisha viti na vyombo vya sherehe, alitoa viti mia mbili na kukubali kukaanga sambaza, wale dagaa wa ziwa. Na Stanislas, kaka yake Georgette, muuza mabati, alitoa depo na jenereta yake kwa miezi mitatu. Tena ni yeye huyo aliyewaweka Georgette, Philémon na watoto wao wawili katika nyumba ya uani kwake, Nyalukemba, mwaka wa sita sasa, bila kodi. Kila mmoja aliambiwa: jina lako litakuwa ndani. Georgette hakumuuliza Philémon kwanza. Nani anauliza kama ndani ya mkate kuna unga?

"Utaongeza mutu wa kuimba kidogo," alimwambia mumewe. "Dakika mbili tu. Aseme majina, atoke."

"Apana."

Philémon hakuwa mtu wa kukataa mambo. Ndiyo maana neno hilo moja lilimfanya Georgette avae viatu aende kwa kaka yake.

*

Stanislas alimpokea dada yake kati ya mabati, akiwa na simu mbili na kalamu tatu mfukoni. Georgette alimwita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, na alipotaka kumwomba kitu alimwita yaya mara nyingi zaidi.

"Niko mu dakika ya ngapi?" Stanislas aliuliza kabla hajaketi. "Nataka kujua, njo niambie batu banyamaze ile dakika."

"Yaya, iko problème kidogo, yaya. Ile album haina mutu wa kuimba."

Stanislas alicheka. Alipoona dada yake hacheki, akaacha.

"Mwimbo yenye haina mutu wa kuimba, hiyo ni mwimbo ao ni panne ya radio?"

"Banasema ni ya kusikiliza tu."

"Kusikiliza nini?" Aliweka simu zote mbili juu ya meza, jambo ambalo hufanya tu anapofiwa au anapoibiwa. "Georgette, Patrice wa rangi, ule jirani yangu wa duka, banamutupa mu mwimbo ya Kinshasa. Mara moja tu, tena banaharibu jina yake. Tangu siku ile ananisalimia na kidevu. Na miye nilishaambia batu yote ya hapa: mungoje dimanche, siku ya misa. Sasa niende niwaambie nini? Kama jenereta yangu imeunguza mafuta miezi tatu juu ya kelele?"

"Philémon anakuheshimu sana, yaya."

"Anangoja mutu mwenye kuwa na feza kunipita, njo anamuwekea ile nafasi. Naelewa. Miye sio mutoto." Akasimama na kumwonyesha njia kati ya mabati, kwa upole unaotisha. "Ile nyumba ya nyuma, bibi yangu Francine anaitaka zamani kwa kuweka kuku za nyama. Nilimukatalia juu yako. Kama dimanche jina yangu haiko mu album, kesho yake, lundi, unaniletea clé ya mulango."

Njiani kurudi Georgette alijaribu kuwaza aibu ya kufukuzwa na magaidi, mafuriko au deni, mambo ambayo yamewafukuza watu wenye akili zao. Kufukuzwa na kuku kwa sababu ya besi, hilo hakujua angewaelezaje wenzake sokoni.

*

"Miaka kumi na kenda," Philémon alimwambia mchana huo, akifuta nyuzi kwa kitambaa. "Miaka kumi na kenda niko nyuma. Kwaya, mariage, matanga, niko nyuma. Batu banacheza juu ya besi, banasifu mwenye kuimba. Siku moja nilisimama katikati ya mwimbo kwa makusudi. Unajua banasema nini? Banasema: hii spika imekufa."

Alisema hayo bila uchungu, na hilo lilimuuma Georgette zaidi kuliko kama angepiga kelele. Wote waliojua muziki mjini walikubali kuwa mkono kama ule haujaonekana pande hizi. Wapiga besi wa Goma walikuwa wakivuka ziwa kuja kukaa mbele yake na kutazama vidole. Lakini hao walikuwa watu kumi, tena maskini, na ukiwajumlisha wote hawana nyumba moja.

"Sikatazi jina ya yaya yako," aliendelea. "Nakataza mudomo. Mutu akisema kintu kimoja mule ndani, batu batasikia ile kintu kimoja, na ile ingine yote itarudia nyuma. Itakuwa kwaya tena."

Georgette alizunguka chumba, akakunja nguo zilizokunjwa. Ndipo likamjia. Georgette hakuwa mjinga, alikuwa ameharakisha tu.

"Kila mwimbo iko na titre, iko na jina?"

"Bado. Karibu zote ni numero."

"Basi! Badala ya numero tunaandika batu. Numero moja, Jean-de-Dieu. Numero mbili, Adélaïde. Iko ku pochette ya album, iko ku affiche ya ukuta, iko mu simu ya kila mutu mwenye kusikiliza. Na hakuna mwenye kusema kintu."

Philémon alifikiri. Alitazama gitaa, akamtazama mkewe.

"Karatasi haifanye kelele," alisema mwishowe.

Georgette alifurahi hata akacheka peke yake. Alijiona ameokoa nyumba na albamu kwa pigo moja, na kwa siku mbili alitembea Nyalukemba kama mke wa waziri.

*

Alhamisi saa tisa wafadhili walikutana sebuleni kwa Stanislas ili wasikilize na kugawana. Redio kubwa iliwekwa juu ya kabati la vyombo. Stanislas alikaa katika kiti chake, na Francine, mkewe, alikaa karibu na dirisha akipima nyumba ya uani kwa macho.

Ugawaji ulianza vizuri, ukaharibika mara moja. Papa Jean-de-Dieu alipewa kipande cha kwanza, akauliza kwa nini chake kina dakika tatu na cha Maman Adélaïde kina tano, wakati ukumbi una paa na viti havina. Maman Adélaïde akasema hana haja ya urefu, lakini katika chake gitaa linalia.

"Batu batasema Adélaïde amefiwa," alisema. "Unipatie ya furaha. Niko mutu ya mariage miye."

"Twaweza kubadilishana," alisema Papa Jean-de-Dieu haraka. "Miye niko mutu ya kanisa. Kulia hainisumbue."

Wakabadilishana, kila mmoja akidhani amemlaghai mwenzake. Philémon aliandika majina kwenye daftari la shule bila kuinua kichwa. Stanislas alikuwa bado hajachagua. Alisikiliza vyote kwa macho yaliyofumbwa, akivikataa kwa kidole kama mtu anayechagua mbuzi: hiki kifupi, hiki kinakimbia sana, hiki kinafanana na cha wavuta bangi.

Kikaingia cha nane.

Kilianza na besi peke yake, chini kabisa, noti nne, kisha kimya, kisha zile nne tena. Ngoma zilikuja baadaye sana, na gitaa baadaye zaidi, na vyote viwili vilikuja kwa mguu wa taratibu, vikiitazama besi itakwenda wapi. Ilipanda. Ilipofika juu ilikaa huko kwa muda ambao mtu hatarajii, na mle sebuleni Maman Adélaïde, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu siku aliyozaliwa, alinyamaza. Hata Francine aliacha kupima.

Stanislas alifumbua macho. Yalikuwa yamelowa.

"Ni miye," alisema. "Musikie. Hapa chini, hapa niko nasukuma pusupusu ya mizigo. Unasikia? Inasimama, inasukuma. Hapa, hapa nanunua camion. Na hapa juu..." Alionyesha dari. "Hapa ni étage, nyumba yangu ya gorofa. Philémon, wewe mutoto wa mutu! Kumbe ulikuwa unanichunguza."

Wote wakatikisa kichwa. Baada ya kuelezwa, hata Papa Jean-de-Dieu alilisikia lori.

"Ile iko na jina," Philémon alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, akiwa ameinamia daftari. Stanislas akauliza jina gani. Philémon aliinua kichwa tu, akamtazama Georgette, akarudisha macho kwenye karatasi.

Ndipo Georgette alipozitambua zile noti nne. Kila jioni, alipokuwa akirudi kutoka sokoni na kusukuma lile lango la bati linaloganda, alizisikia kutoka mlangoni kwao. Miaka sita. Alidhani Philémon anajaribu nyuzi. Wakati mwingine, akiwa amechoka, alimwambia aache.

Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia Georgette kitu kama hicho, na alitaka kusimama aseme pale pale: ni yangu, wezi nyinyi! Lakini Stanislas alikuwa ameshaweka mkono mfukoni, na mkono ulipotoka ulikuwa na ufunguo wa pili wa nyumba ya uani. Aliuweka juu ya mkono wa kiti.

"Hiyo, ao hakuna," alisema.

Watoto walikuwa uani wakicheza. Sauti zao ziliingia dirishani.

"Andika Stanislas," Georgette alisema.

"Georgette," Philémon alisema.

"Andika, nimesema. Jina ni karatasi. Ni weye ulisema."

Philémon aliandika. Aliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, na Stanislas alisimama nyuma yake kuhakikisha kuwa herufi ya mwisho imo. Kisha Francine akaleta Fanta.

*

Jumapili ukumbi ulijaa. Wengi walikuja kwa ajili ya sambaza, baadhi kwa ajili ya Mungu, kwa kuwa tangazo lilisomwa baada ya misa na halikueleza vizuri. Vijana wa mtaa wa Muhumba walikuja na fulana nyeusi, katika joto lile. Kwenye pazia la jukwaa lilibandikwa bango lenye majina ya vipande vyote vinane, na Stanislas, aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, aliwaongoza wateja wake hadi pale mmoja mmoja, akiwaonyesha mstari wa nane.

Vipande saba vilipita salama. Watu hawakujua wacheze au wakae, wakafanya nusu na nusu. Philémon alikuwa mbele kabisa ya jukwaa, mahali ambapo siku nyingine husimama mwimbaji, na Luc wa ngoma na Ghislaine wa gitaa walikuwa nyuma yake. Georgette, katika safu ya kwanza, alimwona mumewe akicheka wakati vidole vikikimbia. Hakukumbuka lini alimwona akicheka jukwaani. Alijiambia kuwa mambo yamekwenda vizuri. Nyumba ipo, albamu ipo. Jina ni karatasi.

Philémon akagusa zile noti nne. Kimya. Zile nne tena.

"Stanislaaaas!" ikapasuka sauti katika spika. "Papa ya mabati! Simba ya Bukavu! Mwenye kufunika batu mvua!"

Alikuwa Guylain, mpiga kelele wa sherehe, yule anayekodiwa katika harusi kutaja majina mpaka wenye majina watoe pesa. Alipanda jukwaani kwa viatu vyekundu, maikrofoni mdomoni. Stanislas katika kiti chake alijifanya kushangaa, kwa uso wa mtu aliyelipa mwenyewe zawadi yake.

"Stanislas na bibi Francine! Stanislas na batoto! Patrice wa rangi, uko wapi? Kuya usikie!"

Ukumbi ukaamka. Mwishowe watu walikuwa wamepata kitu wanachokijua! Wakapiga makofi, wakasimama, wakaanza kucheza dansi ambayo haikuhusiana kabisa na kilichokuwa kikipigwa. Georgette alimtazama Philémon. Hakuacha, mpiga besi haachi. Lakini alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, tatu, bila mtu kumwambia, mpaka akafika karibu na ngoma, mahali pake pa miaka kumi na tisa.

Georgette alisimama. Alikaza kikwembe chake kiunoni na kupanda ngazi za jukwaa.

Guylain alimwona akija na mkono umenyooshwa mbele. Katika kazi yake, mama mnene anayepanda jukwaani na mkono mbele analeta noti ya pesa ya kubandika kwenye paji la uso, basi akainamisha kichwa kwa heshima na kufumba macho. Georgette akamtoa maikrofoni mkononi kama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Watu wakashangilia. Walidhani ataimba, wengine walidhani atataja majina mapya, na safu mbili za mbele zikajinyoosha ili zionekane. Georgette aliikagua maikrofoni, akaona kitufe, akaizima. Kisha akageuka kwa mumewe na kumwashiria kwa kidevu: kuya mbele. Philémon alimtazama. Akaja. Georgette akaketi kwenye ngazi ya jukwaa, maikrofoni mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Besi ikaanza kupanda.

Stanislas alifika pale akihema, suti imefunguka. Aliinama mpaka mdomo ukawa karibu na sikio la dada yake.

"Unaniaibisha mbele ya batu. Lete hiyo micro."

"Jina nilikupatia, yaya," Georgette alisema. Hakuishusha sauti. "Ilikuwa jina yangu, nikakupatia. Juu ya kelele hatukusikilizana."

"Georgette, kesho saa moja ya asubuhi nataka clé. Usinijue tena."

Alijua kuwa anamaanisha. Aliiona nyumba yote kwa mara moja: kitanda kisichopita mlangoni bila kuvunjwa, masufuria, watoto wamebeba magodoro kupanda Kadutu na majirani wakiuliza kuna nini. Aliogopa sana, na ndani ya woga huo alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

"Saa moja itakuta tulishatoka," alisema. "Lakini kaa kwanza, yaya. Mwimbo haiyaisha."

Stanislas aligeuka ili ukumbi umwone akikasirika. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Wacheza dansi walikuwa wamesimama na mikono imening'inia, mafuta ya sambaza yakipoa vidoleni, na mzee mmoja wa safu ya tatu, mteja wake wa miaka mingi, akampungia mkono aondoke mbele kwa sababu anaziba.

Stanislas akatafuta mahali, akaketi kwenye ngazi, kando ya dada yake.